Koti la Kwenda Norwei

Fundi wa makoti wa River Road hajafika Ulaya. Baridi kali kuliko zote aliyoionja ni ya Limuru, na hata huko alirudi na basi lilelile. Lakini koti la safari halitoki mikononi mwake mpaka mteja alivae ndani ya chumba cha barafu cha bucha jirani, katikati ya ng'ombe walioning'inia. Naye huingia pamoja na mteja, tena na shati tupu, chaki sikioni, pini mdomoni, maneno yakipenya panapopatikana nafasi.

Leo ni zamu ya Selpher, matroni wa bweni la wasichana Kileleshwa. Kesho anapanda ndege kwenda likizo Norwei kwa rafiki yake wa kalamu, na koti jingine hana.

"Fundi, nasikia joto mpaka kwenye kucha. Tutoke!"

"Bado, bibi."

"Mkichelewa nawauza kwa ratili!" mwenye bucha akapiga kelele nje ya mlango.

Fundi alimzunguka akitetemeka, kiganja kikipapasa mshono baada ya mshono. Kwapani, sawa. Mgongoni, sawa. Nyuma ya shingo, kiganja kikasimama.

"Hapa baridi inaingia."

"Hapo nitafunga kitambaa! Ndege ni kesho asubuhi, Fundi!"

"Ndege ni yako, bibi. Koti ni langu."

Akatoa wembe mfukoni, akaanza kuifumua kola Selpher angali ndani yake.