Sikio Zima la Baba

Kibandani kwake, palipobanana kati ya kinyozi na muuza vioo, walimwita Fundi Vichwa, ingawa hakuwahi kumsuka mtu. Vichwa vyake vilikuwa vya waya za sauti. Mteja akija amekunja uso, Fundi hakuuangalia waya, aliangalia ncha yake.

"Hesabu hizo pete nyeusi," angemwambia. "Ikiwa moja, sauti inapita njia moja tu. Zikiwa mbili, kuna ya kushoto na ya kulia. Tatu, kipaza sauti nacho kimo. Na hicho kinene chenye meno matatu ni cha jukwaani, hakina undugu na simu yako."

Kuna waliobisha, wakaenda kuchomeka kwa nguvu, wakarudi wamenywea. Fundi aliwatania kidogo, kisha akawatengenezea.

Nyumbani, binti huyu aliishi na baba yake. Kelele za mashine za kiwanda cha nguo zilimla mzee sikio la kushoto kabla binti hajazaliwa, na nyumba nzima ilijipanga kwa sikio lililobaki. Mezani na njiani, mama alikaa kulia kwake. Hata wakigombana, mama alizunguka kwanza upande wa kulia ndipo aanze kufoka. Mama alipofariki, kiti kile alikirithi binti.

Asubuhi moja baba aliweka kikombe chini. "Mwanangu, sura ya mama yako ninayo. Sauti yake ndiyo inanitoroka."

Fundi naye akaweka chake. Akakumbuka kanda ambayo mama aliirekodi kumsalimia kaka yake aliyehamia mbali, wala haikutumwa. Aliipata kabatini, pamoja na ile redio kaseti kuukuu. Spika ya redio ilishapasuka, na utepe wenyewe ulikuwa umechoka, wa kuchezwa kwa kubahatisha. Akachukua visikilizio vyake vya simu, vile vidogo vya kutia sikioni, akamvalisha baba kama herufi L na R zilizoandikwa juu yake zilivyoagiza: cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Akabonyeza.

Baba alifumba macho, akangoja.

"Vipi, baba?"

"Kimya."

Akarudisha utepe nyuma. Akabonyeza tena.

"Kimya, mwanangu," baba alisema, akampapasa mkono. "Basi, usijisumbue. Kanda nazo huzeeka."

Upole ule ulimuumiza kuliko kama angemgombeza. Alichomoa waya ili auweke kando, na hapo ndipo alipoziona pete mbili kwenye ncha. Akachungulia tundu la redio. Redio ya zamani ile, ya njia moja! Sauti yote ilikuwa imekwenda kushoto, ikamwagika ndani ya sikio lililokufa. Yeye, aliyetembea kulia kwa baba tangu utotoni, leo ameongozwa na herufi.

"Mjinga mimi," alinong'ona. Akauchomeka tena waya, akavibadilisha visikilizio upande, akabonyeza.

Baba alishtuka. Midomo yake ikaanza kutetemeka, kisha ikacheka, na machozi yakamshuka bila yeye kuyajali. Alisikiliza hivyo kitambo. Halafu akatoa kile kisikilizio kingine sikioni, akampa binti.

"Msikilize na wewe."

Fundi akakitia sikioni. Hakikuwa na kitu, kama alivyojua. Akatabasamu, akatikisa kichwa kana kwamba anasikia.

"Mbona hucheki?" baba akauliza. "Hapo amesema la kuchekesha."

Fundi alizima redio, akaenda kibandani mbio mbio bila hata kumjibu kinyozi salamu. Alikata kipande cha waya. Upande mmoja akalehemu kichwa chenye pete moja, upande wa pili tundu la kupokea pete mbili, na ndani yake akaunganisha njia ya kushoto na ya kulia zipate sauti ileile.

Akarudi, akarudisha utepe mwanzo, akakaa kulia kwa baba. Yeye akatia kisikilizio kimoja, baba kingine, na kwa kuwa waya ulikuwa mfupi, vichwa vyao vikagusana.

Utepe ukakwaruza. Kisha mama akaanza salamu zake, akazikatiza katikati kumkemea mumewe aliyekuwa kando yake: "Geuka, mzee. Unanielekezea sikio la mapambo."

Safari hii walicheka pamoja.