Fundi wa Kalundu na Sufuria Zake za Baridi

Vita vikiwa bado havijaisha, mainjinia wa baridi kali walikutana Bujumbura, na waonyeshaji wengi walileta mitungi inayong'aa ya kutunzia baridi hiyo. Fundi bati mmoja wa Kalundu alileta sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, katikati amejaza pumba za mpunga wa bonde la Ruzizi. Louise, daktari wa ng'ombe kutoka Uvira, hakubanduka mezani pa fundi huyo. Mtungi wake wa kubebea mbegu za madume zilizogandishwa uliporwa vitani, na bila mtungi mwingine, ng'ombe wachache waliobaki bondeni wasingepandishwa mwaka huo. Alimtazama fundi akifuta kifuniko kwa mkono wa shati, akikigonga kwa kidole chenye makovu ya bati, akitega sikio, kisha akifuta tena.

Injinia mmoja, huku akicheka, alimmiminia sufuriani azoti, ile hewa iliyopozwa hadi ikawa maji. "Kesho itakuwa imekwisha," alisema. Asubuhi walipofunua, moshi mweupe uliwapanda usoni, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Munyamaze kwanza," fundi akasema kwa sauti ndogo, amerudisha kifuniko na kukitegea sikio. "Iko inachemka polepole, haiyaisha."

Yule injinia akataka kuinunua palepale.

"Hii iko ya dokta wa ngombe. Yako, injinia, miye nitaitengeneza."

Kwenye kizuizi cha Kavimvira, wakirudi Uvira, askari aliona moshi ukitoka kwenye sufuria mapajani mwa Louise. "Mama, muko munapika nini?"

"Baridi," fundi akajibu, uso mkavu. Louise alicheka mpaka machozi yakamtoka, na askari, naye akicheka, akateremsha kamba wapite.