Dada yangu Koku, vidonge vya kifafa na ile "protini ya ubongo" iliyotuponza Muleba

Wakuu, heshima kwenu.

Haya niliyaona kwa macho yangu, sina chumvi ya kuongeza. Vijana mnaoandika humu kwamba dawa za kifafa zinaua ubongo mmenichokoza, ndiyo maana mzee mzima nimeshika simu.

Miaka ya ujamaa tulikuwa Kishanda, Muleba. Dada yangu Koku alikuwa darasa la sita na alikuwa na kifafa. Akianguka, watu walikimbia, eti mate yake yanaambukiza. Upuuzi mtupu!

Tata, yaani baba yetu, akampeleka hospitali ya misheni. Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku.

Kifafa kikatulia kabisa.

Tatizo likaja darasani. Koku yule aliyekuwa anatiririsha jedwali la kuzidisha, akaanza kusinzia. Unamwambia kitu asubuhi, mchana kimetoka. Alitaka kuwa mwalimu, na mwaka unaofuata ulikuwa wa mtihani wa darasa la saba. Alikuwa analia, waitu, yaani jamani, anasema kichwa chake ni kizito.

Likizo ikamleta binamu yetu Deo, mtoto wa baba mkubwa, anasoma sayansi chuo kikuu Dar. Wahaya wenzangu mnatujua, msomi akirudi nyumbani lazima atoe lekcha! Tukiwa tunakula mchana akaeleza kwamba baadhi ya dawa hizi hudhaniwa kupunguza kasi ya ubongo kutengeneza protini, na protini hizo zina kazi katika kumbukumbu.

Hakudanganya. Wala hakusema Koku aache dawa.

Ila hilo neno protini, wakuu! Ndiyo miaka ambayo bibi maendeleo alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, anatuambia ndizi peke yake hazitoshi, watoto wale maharage, samaki na mayai wapate protini. Tata akaunganisha mambo.

"Kama dawa inapunguza na chakula kinaongeza, tunahangaika nini? Aache dawa, ale."

Mama akamwambia, "Baba Koku, si tumuulize daktari kwanza?"

"Nikamfundishe daktari kazi yake? Ataona tunamdharau."

Hapo ndipo tulipopotea. Kwetu daktari wa misheni alikuwa haulizwi, kama padri tu.

Sasa wasio wa kwetu mjue kwamba zamani mwanamke wa Kihaya alikuwa haonji senene, wale panzi wa kuliwa wenye protini tele. Wanawake walikamata na kukaanga, wanaume wakala. Tata akauvunja mwiko mwenyewe, mbele ya kaka zake. Akamwekea Koku senene kwenye jani la mgomba, akamwambia, "Kula mwanangu, usome."

Koku alikula huku anacheka. Dah! Baba aliyempenda mtoto wake kiasi kile sijamwona mwingine.

Na akachangamka kweli! Usingizi ukaisha, jedwali likarudi. Nyumba nzima tukaamini. Mama akawa anaimba akimenya ndizi.

Kisha asubuhi moja, anajiandaa kwenda shule, akaanguka. Kabla hajazinduka kikampata tena. Ikawa mfululizo. Majirani wakambeba kwenye engozi, machela yetu ya kienyeji, vilima vile vyote mpaka hospitali. Tulifika bado anapumua.

Jioni hakuiona.

Daktari alikuja akakaa kwenye benchi, karibu na Tata. Hakumgombeza. Alieleza kwamba Koku alichangamka kwa kuacha dawa, si kwa chakula, na kwamba dawa hizi zikiachwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Halafu akasema, "Kule kusinzia mngeniambia, ningepunguza dozi. Au ningembadilishia."

Tata akamtazama. "Kwa hiyo ilikuwa ni kusema tu?"

"Ndiyo, mzee."

Tata hakuwahi kumlaumu Deo. Alijilaumu yeye mpaka anaingia kaburini, na hilo linaniuma mpaka leo hapa Rwamishenye nilipo, kwa sababu alifanya yote kwa mapenzi.

Basi wakuu, dawa kuwa na madhara ni kweli, sibishi. Lakini ikikusumbua, rudi kwa aliyekupa umwambie, hata kama anakutisha. Usiache kienyeji. Mwenye mgonjwa kama huyu nyumbani atuambie hapa chini anaishi naye vipi, tusaidiane.

Koku leo angekuwa mwalimu mstaafu. Huu uzi angeshaniambia niuandike upya.