Aliyejua Moshi Ulikotoka

Jumamosi tulimzika rafiki yangu mmoja, mkemia, na tangu siku hiyo sijui nimpigie nani simu nikiona wingu la kijivu limelala juu ya Upper Hill asubuhi. Yeye angenicheka kwanza. Angesema hilo si wingu, bwana, kisha angenitajia kilichomo: masizi ya dizeli, vumbi la barabara, salfa, hata chumvi kidogo iliyosafiri na upepo kutoka baharini hadi huku kwetu. Hiyo chumvi ilimfurahisha mno. Nina hamu ya kuisikia sauti yake akinieleza mambo ambayo sikumuuliza. Jina lake silitaji, maana hakupenda kutajwatajwa magazetini.

Kazi yake ilikuwa kuivuta hewa kwa pampu ipite kwenye chujio jeupe, kisha kulipeleka chujio maabara likachunguzwe. Moja alilifunga juu ya ghorofa Upper Hill, jingine kwa mamake kule Woodley, kando ya kibanda cha mabati ambamo mama alipikia githeri, mahindi yake na maharagwe, kwa kuni kwa sababu, alivyodai, ya gesi haina ladha. Siku moja akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kumtembelea, naye akaona kile kitambaa cha mwanawe kimekuwa cheusi tititi. Akaona aibu. Akakitoa, akakifua kwa sabuni, akakianika kambani pamoja na soksi. Rafiki yangu alipofika aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka, huku mama akimuuliza ni tabia gani hiyo ya mtu mzima kuacha vitu vyake vichafu kwa watu.

Alifunga jingine. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuugua kifua, na hakuna daktari aliyeweza kumwambia chanzo. Majibu ya maabara yalipotoka, tulikuwa tukinywa chai mjini. Akanieleza kwamba kuna sukari fulani inayozaliwa mti unapoungua, na ukiikuta kwenye masizi basi umeupata moto wa kuni. Kwa mamake ilikuwa tele. Alikuwa ameomba sana uwe ni moshi wa malori ya barabarani, Ngong Road.

"Barabara ningeilaumu," akasema. "Mama nitamlaumu vipi? Nikimwambia, atasema ndiye aliyeniua, na ataishi na hilo."

Basi mtu huyo, ambaye nikitia chumvi kidogo tu katika safu hii alikuwa akinipigia simu kunisuta, akaenda Woodley akamwambia mamake kwamba masizi yote ni ya malori. Halafu akampelekea jiko la gesi, akisingizia ni zawadi ya Krismasi. Mama alilipokea bila ubishi, akaacha kuni siku hiyo hiyo. Tulishangaa, lakini tukashukuru Mungu.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipotawanyika, nilibaki na mama uani. Nikaona niulinde ule uongo wa marehemu, nikayalaani malori kwa kirefu. Mama alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mwanangu, yule mtoto nilimbeba mgongoni nikipuliza moto," akasema. "Nilijua. Lakini alikuwa amejikaza sana kunidanganya, nikaona nimwachie."

Wasomaji wangu, zimeni moto wa kuni ndani ya nyumba. Hilo yeye angetaka niliandike kwanza. La pili ni langu. Ukiona mtu wako anahangaika kukuficha jambo ili usiumie, mwambie unalijua, angali hai. Mama hajutii kuni kama anavyojutia kunyamaza kwake. Alisema wangekaa pale uani wawili, walie mara moja, yaishe. Badala yake mmoja ameondoka akidhani aliubeba mzigo ule peke yake, na mwingine amebaki nao peke yake kweli.