Gia Iliyo Chini ya Sufuria

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Kiswahili nilikisoma shule ya msingi tu, kambini Tanzania, na huandika polepole.

Kila Mama anapotua sufuria ya maharage mezani, harufu ya mafuta ya mashine hupanda. Chini ya sufuria kuna gia ya chuma, pana kama kisosi. Niliiagiza mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Louisville, Marekani. Mama alikuwa ameahidi kushona sare za kwaya kwa ajili ya Pasaka; ndiyo kazi ya kwanza watu wa hapa kumwamini nayo. Kabla hajamaliza, gia ndogo ndani ya cherehani yake ikavunjika meno. Cherehani ilikuwa ya zamani na vipuri vyake haviuzwi tena. Baba akapata karakana huko Buffalo inayochonga kipuri kwa vipimo vya mteja.

Baba alipima kwa rula yangu ya kambini, mimi nikajaza fomu kwenye simu, maana Kiingereza cha nyumba nzima kilikuwa changu. Waliuliza plastiki au chuma. Tukachagua chuma, Baba akaridhika kama mtu aliyechagua ng'ombe. Upana nikaandika tano. Pembeni kulikuwa na herufi mbili, "in", nisizojua maana yake, na niliona haya kumuuliza mwalimu. Kwetu kila kitu kilikuwa sentimita.

Kifurushi kilikuja kizito, siku nne kabla ya Pasaka. Mama aliishika gia kwa mikono miwili, akaketi kutafuta sindano ya mkono.

Kesho yake Mama Neema, kiongozi wa kwaya, alikuja na wenzake kusaidia kushona kwa mkono. Akaiona.

"Baba Esta, mkeo ana cherehani au trekta?"

Nilijificha nyuma ya vitambaa.

"Ni mimi, mama," Baba akacheka. "Mambo ya inchi siyajui. Mtoto aliandika nilichomwambia."

Walimtania hadi kanisani. Sare zilivaliwa, pindo zikienda kama njia ya mbuzi. Nami nikapumua, nikaamini kweli kwamba hakujua.

Mwaka jana nilianza kazi kwenye ghala anakofanya kazi Baba. Mzee mmoja Mkongo alinipa futi kamba ya kupimia maboksi.

"Bon, inchi ni baba yako alinifundishaka," akasema. "Tuliingia kazi hapa siku moja. Wiki ya kwanza tu, alikuwa anazijua zote."

Waliingia miezi mitano kabla ya gia ile.

Sijamwambia Baba kwamba najua. Kama kuna mtu aliwahi kubeba kosa lako hivyo, niandikie unieleze ulimshukuru vipi. Mimi bado natafuta maneno.