Begi Langu Lilibaki Kwenye Foleni

Binti yangu alikuwa na miaka kumi aliponiandikia ujumbe kuuliza kama Jumamosi ile tungeweza kuiruka. Hakutoa sababu. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala ninakofanya kazi, mji wa Shakopee hapa Minnesota, kikombe cha chai mkononi. Nikamjibu upesi kwamba hakuna neno. Kisha nikakaa nikiitazama simu mpaka chai ikapoa, maana neno lilikuwepo, tena kubwa, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mimi na mama yake tulikuwa tumeachana. Mahakama ilinipa Jumamosi: nimchukue kwao Coon Rapids saa tatu asubuhi, si kabla, na nimrudishe jioni. Siku nilipewa, mahali pa kuitumia sikupewa. Nilikuwa nimepanga chumba mji wa jirani, Savage, katika nyumba ya Mkenya mwenzangu, wanaume watupu, wote wa shifti za usiku, na mwenye nyumba alishanionya kwa ule upole wake wa kuudhi: "Buda, ukileta mtoto hapa Saturday, hawa watu watalala saa ngapi?" Basi Jumamosi zetu tulizimalizia garini, maktabani, na kwenye maduka ambamo hatukununua kitu. Mtoto aliziba masikio kwa muziki wake, nami nikaendesha. Nilikuwa nampoteza huku nikimwona, amekaa pale kando yangu amefunga mkanda.

Kwa hiyo niliposikia habari za kadi za mwaka, siku chache baada ya Jumamosi ile kupita bila yeye, moyo uliruka. Kuna bustani kubwa ya bembea na treni za kupinduka hewani, si mbali na kazini kwangu. Mwenye kadi huingia siku yoyote msimu mzima. Watu huzitaka kwa ajili ya zile treni. Mimi nilizitaka kwa ajili ya viti. Pale ndani kuna viti, vivuli, vyoo safi, na hakuna mtu wa kukuuliza unangoja nini. Baba na mwanawe wanaweza kushinda pale na wakaonekana watu wenye mahali pao.

Lakini mauzo ya mtandaoni yalikuwa yamefungwa, na tangazo likasema zile chache zilizobaki zitauzwa getini Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi, mpaka ziishe. Tena kila mwenye kadi awepo mwenyewe apigwe picha dirishani. Nikampigia binti yangu nikamweleza. Nilipiga makelele kwenye simu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akasema sawa. Yeye husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na maneno yake humu nimeyageuza mwenyewe.

Tatizo lilikuwa wazi hata kwa kichwa changu kigumu. Foleni ingeanza alfajiri, na mtoto hatoki Coon Rapids kabla ya saa tatu. Kumwomba mama yake anipe mtoto mapema ningeweza, ila angenijibu kwa sentensi moja ya kimahakama na mimi ningejibu kwa sentensi kumi zisizo za kimahakama. Nikasema nitajipanga mwenyewe.

Nilitoka kazini kukiwa bado kiza, nikaenda moja kwa moja getini. Watu walikuwa wameshafika, wengine na viti vya kukunja na mablanketi. Nikapanga foleni. Nyuma yangu akaja mzee mmoja wa Kizungu, kofia ya kuvulia samaki kichwani. Akaniambia anawanunulia wajukuu zake, na binti yake angewaleta baadaye. Tukaongea habari za baridi iliyokataa kuondoka, kama wanavyoongea watu wote wa hapa.

Saa ya kwenda kumchukua mtoto ilipofika, nilifanya nilivyolelewa. Kwetu, nafasi yako kwenye foleni haikai miguuni mwako. Unamgeukia aliye nyuma yako, unamwambia "niko mbele yako", unaacha kikapu au mtungi, unaenda zako kununua sukari au kunyonyesha mtoto. Ukirudi utaikuta, na mwenye kukudhulumu atafokewa na foleni nzima. Nimekua nikiona mitungi imejipanga bombani yenyewe, wenye mitungi wako kivulini wanapiga soga. Basi nikavua begi langu mgongoni, nikaliweka chini mahali pangu, nikamwambia yule mzee kwa Kiingereza changu chote kwamba niko mbele yake. Akatabasamu, akasema sawa kabisa. Sikujua kwamba watu wa Minnesota husema hivyo na kutabasamu hivyo hata wasipoelewa kitu, wakiona haya kuuliza.

Coon Rapids nilifika mapema nikangoja ndani ya gari, kwa sababu mapema nayo ni kosa. Mlango ulifunguliwa saa tatu. Mama yake akabaki kizingitini, tukapungiana mikono kama majirani. Mtoto akaingia garini, mikono mfukoni mwa sweta. Njia nzima nilimsimulia tutakavyokuwa: tutabeba chakula chetu, tutakuja hata mvua ikinyesha, msimu mzima. Aliitazama barabara. Nikajiambia ana usingizi.

Tulipofika, foleni haikuwa pale nilipoiacha.

Ilikuwa imehamishiwa geti la pili, upande wa pili wa maegesho. Mahali pa zamani palikuwa peupe, pamezungushiwa koni za rangi ya machungwa, na katikati, peke yake juu ya lami, begi langu. Walinzi wawili walisimama mbali nalo, mmoja anazungumza kwenye redio. Nilielewa yote kwa mara moja: begi lisilo na mwenyewe, wamelidhania bomu.

Nikamshika mtoto mkono, nikampitisha mbali, tukaungana na mkia wa foleni mpya. Mfanyakazi wa bustani alikuwa anapita akihesabu vichwa. Alifika kwetu, akatuhesabu, akavuta utepe nyuma ya mgongo wangu na kuwaambia waliofuata kwamba samahani, wao wangoje tu, huenda wakabahatika. Sisi tulikuwa wa mwisho wenye uhakika.

"Dadi," binti yangu akasema, "lile si begi langu?"

Lilikuwa lake kweli. Begi la rangi ya waridi la darasa la pili, alilolichoka, nami nikalichukua la kubebea chakula kazini. Wenzangu wanalicheka mpaka leo.

"Nyamaza, mami," nikamwambia kwa Kiswahili. "Tukishapata kadi nitaenda kulichukua."

Nilijua ninachosema si cha akili. Ndani ya begi mlikuwa na chupa ya chai, kopo la ugali na sukuma, chaja yenye waya mrefu, beji ya kazi yenye sura yangu, na kisu cha kukatia maboksi. Siku hizi hata mwenye makaratasi yote ya uhamiaji sawa humkwepa mtu mwenye sare. Na mimi nilikuwa na Jumamosi moja tu kwa wiki, aliyonipa jaji, na jaji anaweza kuichukua. Nikiacha foleni, kadi zimekwenda. Nisipoacha, watalifungua na kunijia hapa hapa mbele ya mtoto. Foleni ikasogea, nasi tukasogea.

Mlinzi wa redio akapaza sauti kuuliza tena kama kuna mwenye begi, maana polisi wako njiani. Watu wakageuka kutazamana. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Dadi, nenda kachukue begi," binti yangu akasema.

"Tutakosa kadi."

"Mimi ninayo."

"Unayo nini?"

Akatoa mkono mfukoni mwa sweta. Ilikuwa kadi ya mwaka, mpya, na picha yake akicheka meno yote nje. Zile rasta ndogo za shanga kwenye picha nilizijua. Alisukwa wiki ile aliponiomba tuiruke Jumamosi; kumbe alikuwa hapa.

"Nani alikununulia?" nikamuuliza, na jibu nilikuwa nalo.

"Mama na…" Yupo bwana mmoja siku hizi, mtu mpole, nimeambiwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulifurahi sana kwenye simu," akasema. "Halafu nikafikiri, ukijua ninayo, hutakuwa na haja ya kuja."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama yake, nikamkasirikia yule bwana kwa upole wake, nikaikasirikia picha ile kwa kucheka. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi: mtoto wa miaka kumi alikuwa amekaa na siri wiki nzima akiogopa kwamba mimi ndiye nitakayemwacha. Mimi, niliyekuwa nalala na kuamka na hofu hiyo hiyo juu yake. Niliinua utepe, tukatoka kwenye foleni.

Niliwaendea walinzi polepole, mikono imefunguka mbele ili waione, binti yangu ameshikilia koti langu nyuma. Wa redio alikuwa mama mtu mzima, nywele fupi za mvi. Aliniambia nisimame hapo hapo, nikasimama. Akaniuliza kuna nini ndani. Nikataja moja moja, chai, chakula, chaja, beji. Nilipotaja kisu uso wake ukabadilika, na mwenzake akasogea hatua moja. Nikajaribu kueleza, Kiingereza kikanikimbia.

"Ni cha kazi," binti yangu akasema, akatokeza ubavuni kwangu. "Ghalani kila mtu anacho. Na begi lilikuwa langu la shule. Jina langu limeandikwa ndani ya kifuniko."

Yule mama akamtazama. Akauliza jina lake. Kisha akaenda mwenyewe, akapiga goti, akafunua kifuniko, akasoma. Akafungua zipu, akachungulia, akanusa chupa. Nadhani harufu ya tangawizi ndiyo iliyommaliza, kwa sababu mabega yake yalishuka. Akasema kwenye redio kwamba hakuna tatizo.

Alinigombeza sawasawa, na nilistahili. Wakati ananigombeza, yule mzee wa kofia akaja mbio kutoka mbele ya foleni, uso mwekundu. Alisema alidhani namwambia tu kwamba mimi ni wa kwanza kati yetu, kama naringa. Alipoona begi linakaa na mwenyewe haji, akamwita mlinzi. Aliomba radhi mara nyingi mpaka nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza.

"Usijali, mzee wangu," nikamwambia kwa Kiswahili bila kufikiri. Akatabasamu, akasema sawa kabisa.

Tuliporudi, utepe ulikuwa umesogezwa na watu wengine wamesimama pale petu. Sikuwa na nguvu ya kudai. Baada ya kitambo kidogo dirisha likafungwa, mfanyakazi akafungua mikono kuonyesha hakuna tena.

Tukakaa garini. Binti yangu alilipakata begi lile, lililomfika kidevuni siku zile na sasa linaonekana dogo. Akaitoa tena ile kadi, akaninyooshea.

"Niwekee wewe," akasema. "Wakitaka kwenda nitasema imepotea. Nitakwenda siku utakayopata yako."

Niliitaka kadi ile. Sitajifanya mtu mwema: niliishika, nikaigeuza, nikajiona naiweka kwenye droo yangu kule Savage na yule bwana mpole akimtafutia mtoto kila mahali. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikaifunika kwenye kiganja chake, vidole vyangu juu ya vile vyake vidogo.

"Hapana, mami. Hii ni yako. Na Jumamosi nitakuja, kadi iwepo isiwepo. Saa tatu."

Safari hii hakuziba masikio kwa muziki. Nikawasha gari ili tupate joto, lakini sikuondoka, kwa sababu sikujua pa kwenda.

"Siku ile ulipanda nini?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa upande kuona kama ni mtego. Akaanza taratibu, kisha kwa mbio, mikono ikisimulia pamoja naye: treni inayopanda mpaka unaiona mito miwili, inavyosimama kule juu, jinsi alivyofumba macho na kuapa hatapanda tena, na akapanda tena. Alikuwa hajaongea nami namna hiyo tangu nihame nyumbani.

"Halafu tukaenda kula, sisi wote wata…"

Akainamia zipu ya begi, akaivuta huku na huku.

Ilinichoma, nami nikaiacha inichome.

"Mkala nini?" nikamwambia. "Endelea, nasikiliza."