Kereng'ende wa Chumvi

Mjukuu wangu huyu nimemlea mimi tangu alipoacha ziwa. Jumamosi zake zilikuwa zangu. Tulikaa ukumbini hapa Msambweni tukisuka ukili wa mkeka wa harusi yake, yeye akinicheka vidole, mimi nikimcheka mchumba. Kisha akapata kazi ya kumfulia nguo mwalimu mstaafu, mwanamke wa bara aliyejenga Diani. Jumamosi zikahamia huko.

"Kufua gani kusikokwisha mpaka magharibi?" nilimuuliza.

"Nikimaliza tunatazama picha, Bibi."

Picha zenyewe za kereng'ende! Mwalimu ana kitabu kikuukuu, cha enzi za mababu wa mababu, Wazungu wamechora wadudu kwa mkono, bawa kwa bawa, mshipa kwa mshipa. Mjukuu wangu akawa anazinakili kwa penseli. Akirudi, maneno ni hayo hayo: kitabu, brashi nyembamba kama unywele, na jinsi Bibi wa Diani alivyomsifu mkono wake.

Bibi wa Diani. Nani kampa ubibi? Mtoto nimemkanda mimi kwa mafuta ya nazi, yeye kamfungulia kitabu tu!

"Wivu huo, mke mwenzangu," mjukuu wangu akanitania, meno yote nje.

"Wivu wa nini? Kereng'ende hata hapa wapo."

Na wapo kweli. Mvua zikikaribia wanajaa kwenye majaruba ya mpunga nyuma ya nyumba. Nikaingia topeni na kanga yangu, mtu mzima mimi, nawarukia. Jirani akapaza sauti, "Shoga, umepotelewa na nini?" Sikumjibu. Nilipata wekundu kama pilipili, na mmoja wa buluu, macho ya kijani yanang'aa kama shanga. Nilitaka nisikie mdomo wa mjukuu wangu ukisema wa kwangu wamewashinda wa kitabuni.

Wasioze, basi. Mimi najua njia moja ya kuzuia kitu kisioze. Nikawatia chumvi, nikawaanika uchanjani pamoja na samaki wangu wa ng'onda, nikakaa na fimbo kumfukuza paka.

Jumamosi nikamzuia mlangoni, nikafunua kwa madaha kawa nililowafunikia. Lahaula! Wote kahawia. Macho meusi, yamesinyaa. Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamnyanyua kwa bawa yule aliyekuwa wa buluu.

"Bibi, hivi ndivyo alivyo kitabuni! Wachoraji walikuwa Ulaya, wakapelekewa wadudu waliokwisha kukauka. Wakachora rangi waliyoiona. Ngoja nikamwonyeshe mwalimu."

"Hatoki mtu hapa na mdudu wangu. Akitaka aanike wake."

Nilidhani atanuna. Akavua viatu, akakaa mkekani, akatoa penseli zake za rangi. Alimchora yule yule, kahawia kama alivyo. Akachukua karatasi nyingine.

"Sasa niambie alivyokuwa hai. Macho yalianzia wapi kuwa kijani?"

Nikamwambia. Akikosea, namgonga mkono. Nguo za Diani zililala chafu siku ile, na mimi nilipika wali wa nazi.

Ule mchoro wa kahawia aliupeleka kwa mwalimu wake. Wa buluu nimeubandika juu ya kitanda changu. Mwalimu ameuona wake, sasa ametuma salamu: anaomba aje autazame na huu wangu.

Nimesema karibu. Aje siku yoyote, ila Jumamosi.